HOTELI NZURI NA HOTELI MBAYA: MAMBO YA JEBEL, JUBA

Kila mfanyakazi aliyewahi kula mbali na kwake anajua kwamba hoteli hazifanani. Kuna ile ambayo mtu hula akashiba, akalipa kile alichotazamia, akarudi kazini. Na kuna ile ambayo hulipwa mara mbili, kwanza kwa fedha na halafu kwa tumbo. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo inatokana na nini, na kwa nini mambo hayo yanamhusu mpishi na mhudumu sawasawa na mlaji.

Mfano wetu ni Jebel, upande wa magharibi wa mji wa Juba, Sudan Kusini. Jina hilo ni lile lile neno letu jabali, na kweli pana jabali hapo, Jebel Kujur. Chini yake wanaume na wanawake huvunja mawe kwa nyundo na kuuza kokoto kwa wajenzi wa mji. Karibu yake ni soko, na hapo hupita magari ya barabara ya Yei, waendesha bodaboda, wachukuzi na mafundi. Watu wa namna hii hawana nafasi ya kurudi nyumbani adhuhuri. Wanakula hapo hapo.

Chakula chenyewe si kigeni sana kwa mtu wa Afrika Mashariki. Asida ni ugali. Kisra ni mkate mwembamba kama karatasi, wa unga wa mtama uliochachuliwa, na huliwa kwa mchuzi wa bamia, mboga za majani au nyama. Mboga nyingi hutiwa karanga zilizosagwa. Asubuhi kuna maharage ya ful yaliyopondwa na kutiwa mafuta, na Waganda wamekuja na chapati zao. Kuna samaki wa Mto Nile. Pembeni hukaa mama wa chai na jiko lake la makaa, birika na viti vifupi vya plastiki. Hata lugha si ngumu, maana Kiarabu cha Juba na Kiswahili vina maneno mengi ya ukoo mmoja: chai, sukari, samaki, sahani. Mwenye njaa hapotei.

Sasa tuanze na maji, kwa kuwa hapo ndipo hoteli nyingi huanguka. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya wakazi wa Juba hawakuwa na bomba, wakategemea maji ya mto yanayoletwa na malori ya tangi na kumwagwa katika mapipa. Ikiwa maji hayo yametiwa dawa ya klorini na pipa linafunikwa, hakuna neno. Ikiwa sivyo, maji hayo hayo huosha sahani, hunawisha mikono na kujaza jagi la mezani. Mwaka 2014 kipindupindu kiliingia Juba, kikarudi mwaka 2015 na tena mwaka 2016. Wakuu wa afya walipochunguza walitaja maji ya mto yasiyotiwa dawa, na pia chakula kinachouzwa kando ya njia pasipo usafi. Mlipuko mwingine ulitangazwa mwezi Oktoba 2024, ukaanzia Renk huko kaskazini kabla ya kuenea.

Ubaya wa kipindupindu ni kwamba hakina harufu wala ladha. Mtu anaweza kula chakula kitamu sana, akasifu, na katika muda wa saa chache hadi siku tano akaanza kuharisha maji matupu. Kinachomwua ni kukaukiwa maji, na ndiyo sababu maji ya chumvi na sukari yaliyochanganywa kwa kipimo, akianza kunywa mara moja huku akipelekwa zahanati, huwaokoa wengi. Kwa hiyo usiipime hoteli kwa utamu wa mchuzi peke yake. Tazama mambo ambayo mwenye hoteli hakuyapamba: pipa lina mfuniko? Sabuni ipo pale penye birika la kunawia, au lipo birika tu? Vyombo vinaoshwa katika beseni moja tangu asubuhi? Chakula kinatoka jikoni kikifuka moshi, au kimekaa vuguvugu tangu saa nne? Vuguvugu ndilo joto ambalo vijidudu hustawi, na mji wa Juba ni wa joto mwaka mzima. Mama lishe mwenye sufuria moja inayochemka mbele ya macho yako mara nyingi ni salama kuliko hoteli yenye feni na meza za vioo ambayo jikoni kwake huoni. Wengi hudharau jambo hili kwa ajili ya viti.

Jambo la pili ni karanga na unga. Nafaka na karanga zikihifadhiwa mahali penye unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo huharibu ini. Kuichemsha hakuiondoi. Suala hili limekwisha kuingia mpaka katika biashara ya mataifa: mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo, na mwaka 2023 Sudan Kusini ilizuia malori ya nafaka na unga wa Uganda mpakani Nimule. Mpishi asiye na hatia anaweza kupika sumu aliyonunua sokoni. Karanga zenye rangi ya kijivu, zilizosinyaa au zenye uchungu zitupwe, wala zisikaangwe kuficha ladha.

Hapo Nimule ndipo inapotoka pia bei ya sahani. Barabara ya lami kutoka Juba mpaka Nimule, kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012, na chakula kingi cha mjini hupita humo. Madereva wakigoma au njia ikiwa na hatari, nyanya hupanda siku hiyo hiyo. Tena kuna thamani ya fedha. Mwezi Desemba 2015 serikali iliiacha pauni ya Sudan Kusini ielee, nayo kutoka karibu pauni 3 kwa dola moja ikafika zaidi ya 18 kwa mara moja. Tangu hapo mwenye hoteli aliyeandika bei kwa rangi ukutani alijutia rangi yake. Ndiyo sababu mtu hushauriwa kuuliza bei kabla ya kuketi, na kuuliza ni kwa fedha gani. Hoteli nzuri haikasiriki kuulizwa.

Kuhusu bei, tuwatazame Wagiriki kidogo. Hawa si wageni kwetu. Wazee wa mashamba ya mkonge ya Tanganyika wanawakumbuka kama mabwana shamba, na ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, una jina la tajiri wa Kigiriki. Huko Juba wafanyabiashara wa Kigiriki waliliuzia vyakula jeshi la Waingereza, wakajenga majumba ya mawe sokoni na katika mtaa wao, ambao leo ni Hai Jalaba. Jumba mojawapo baadaye lilifunguliwa kuwa mkahawa ulioitwa Notos, yaani upepo wa kusini.

Huko kwao visiwani, ambako watu wengi huishi kwa kazi za hoteli wakati wa kiangazi, kuna desturi moja njema ya zamani: mgeni huingia jikoni akafunuliwa sufuria na kuchagua samaki wake juu ya barafu. Lakini samaki huyo huuzwa kwa kilo, akiwa mbichi. Asiyesimama kuona mizani atashangaa wakati wa bili, na katika kisiwa cha Mykonos wamekuwapo watalii waliotozwa mamia ya yuro kwa chakula cha baharini cha meza moja. Mkate nao huwekwa mezani bila kuagizwa, na hulipiwa. Serikali yao imeweka dawa ambayo ningependa kuiona kila mahali: kila hoteli hulazimika kubandika tangazo kwamba mteja asiyepewa risiti halali halazimiki kulipa. Sheria hiyo imewekwa ili kodi isikwepwe, lakini inamlinda mlaji pia. Huko Jebel risiti ni mdomo wa mhudumu, na ubishi ukitokea ni yeye anayekatwa mshahara.

Na hapa tumefika kwa mhudumu. Mlaji akiletewa chakula kwa kuchelewa humlaumu yule anayemwona, wala hajui kama jikoni kuna mpishi mmoja kwa meza kumi na tano. Mahali pengine mhudumu hana mshahara wowote ila bakshishi, na mahali pengine sahani iliyovunjika na mteja aliyetoroka huandikwa kwake. Mtu wa namna hiyo atakuongezea bei, au atakuletea kiporo cha jana kwa kuogopa kukimwaga. Mkataba Namba 172 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1991, unahusu hoteli na mikahawa. Unasema bakshishi ni hiari ya mteja, na kwamba mfanyakazi apate mshahara wa msingi kwa vipindi vya kawaida, iwe bakshishi imepatikana au haikupatikana. Unakataza pia kuuza na kununua kazi, maana kuna mahali ambapo kijana hulipa ndipo apewe aproni.

Kwa ndugu wanaotoka nje kwenda kufanya kazi hiyo Juba, mashaka ni zaidi. Mwezi Septemba 2014 wizara ya kazi ya huko ilitoa amri kwamba wageni waachishwe kazi katika makampuni, mabenki, hoteli na mashirika kabla ya tarehe 15 Oktoba. Baada ya makelele mengi amri ikarudishwa nyuma, lakini wapishi na wahudumu walikwisha kulala wakiwaza nauli. Kisha mapigano ya Julai 2016 yakafika hadi Jebel yenyewe, na wengi wakakimbia wakiacha mishahara yao. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huo huo wa 2016. Hata hivyo, anayeitwa kwenda kupika huko aulize kabla ya kupanda basi: mshahara ni wa pauni au wa dola, unalipwa tarehe gani, kibali cha kazi kinalipiwa na nani, na hati ya kusafiria itakaa mfukoni mwa nani. Majibu yawe kwa maandishi, na nakala abaki nayo mtu wa nyumbani.