Mbarara, jiji lililopewa jina na nyasi

Mfanyabiashara anayetoka Rugaaga na mzigo wa matoke hulitaja jina la Mbarara mara nyingi kwa siku, pengine bila kujua kwamba anataja nyasi. Asili yake ni emburara, neno la Kinyankole la nyasi ndefu zilizokuwa zimefunika eneo hilo. Zikiwa changa ng'ombe huzila. Zikikomaa huezekea nyumba. Ndimi za wageni wa enzi ya ukoloni zililigeuza neno, nalo likabaki hivyo kwenye ramani. Mwaka 2020 Mbarara ikawa jiji. Penye nyasi sasa pana maduka.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, baadhi ya majina yalikuja na watu. Kuna kijiji kiitwacho New Congo, walikoanza upya maisha watu waliokimbia vita Kongo. Kwa mchuuzi hilo si jambo dogo: mzigo "wa Kongo" huenda usivuke mpaka wowote. Kabla ya kulipia lori, uliza kwanza: Kongo ipi?