Upepo wa Kiwanda cha Chai

Sogeeni jikoni, wajukuu wangu, mvua hii ya Nyamira haina haraka. Kebirigo, Sanganyi, Nyansiongo: viwanda hivyo mnavijua kwa harufu kabla hamjaviona. Majani aliyochuma mama yenu leo hayasagwi papo hapo. Humwagwa kwenye vitanda virefu vya wavu. Chini ya kila kitanda mna pango tupu, na mwanzoni mwa pango kuna feni kubwa. Upepo huingia, hupanda katikati ya majani na kuyanyausha polepole, saa 12 au zaidi.

Mfanyakazi akiyatandaza vibaya, hapa kichuguu, pale haba, upepo hufanya nini? Ni mvivu huo! Hupenya palipo haba, kichuguu kikabaki kibichi.

Wapo waliojenga pango la namna hiyo ili wauchunguze upepo wenyewe. Huitwa handaki la upepo. Mwingereza Francis Wenham alitangulia, mwaka wa 1871. Lakini mimi nawapenda zaidi Wilbur na Orville Wright, mafundi wa baiskeli wa Dayton, Marekani. Mwaka wa 1901 chombo chao cha kuruka bila injini kiliwavunja moyo. Mabawa hayakuinua kama hesabu zilivyosema. Wakaunda sanduku la mbao, urefu wake karibu mita 2, lenye feni upande mmoja. Ndani wakaweka vibawa vya bati juu ya mizani waliyoiunda kwa spoku na vipande vya msumeno. Wakajaribu maumbo kama 200, moja baada ya jingine. Tarehe 17 Desemba 1903 wakapaa kwa injini.

Mtauliza, bawa limesimama, litatufunza nini kuhusu kuruka? Ukitoa kiganja dirishani matatu ikikimbia kutoka Keroka (msithubutu, ni mfano tu), hewa hukisukuma. Ukisimama juu ya kilima cha Manga upepo ukivuma kwa kasi ileile, husukumwa vilevile. Kiganja hakijui ni nani anayesafiri.

Tatizo la handaki ni kwamba feni huvuruga upepo. Kwa hiyo hupitishwa kwanza kwenye vitundu kama masega ya nyuki, unyooke. Kisha huingizwa moshi, macho yapate cha kufuata. Tazameni huu wa kuni: ukiifikia sufuria hugawanyika kwa utaratibu, ukishaipita hujikunja na kuchanganyikana. Haya, wa karibu na moto apulize.