Mlinda Mlango Aliyewafikisha Amavubi Tunisia

Tarehe 6 Julai, 2003, timu ya Taifa ya Rwanda, Amavubi, yaani Nyigu, iliifunga Ghana bao 1 kwa 0 katika Uwanja wa Amahoro mjini Kigali. Bao hilo lilifungwa na Jimmy Gatete. Kwa ushindi huo Rwanda ilipata, kwa mara ya kwanza katika historia yake, nafasi ya kushiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika.

Uzito wa ushindi huo hauwezi kueleweka bila kukumbuka mahali ulikopatikana. Amahoro maana yake ni amani. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu walikimbilia katika uwanja huo huo kuokoa maisha yao. Miaka tisa baadaye wananchi walifurika tena humo, safari hii kuishangilia timu moja iliyovaa rangi za nchi moja. Furaha hiyo ilienea katika vilima vyote vya Kigali, kuanzia Remera uliko uwanja hadi Kagugu na Nyamirambo.

Mwalimu wa timu hiyo alikuwa Ratomir Dujković, mzaliwa wa Yugoslavia ya zamani mwaka 1946. Katika ujana wake alikuwa mlinda mlango wa klabu ya Red Star ya Belgrade, katika enzi ambayo klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa nchi yake mara tatu mfululizo, 1968, 1969 na 1970. Alipoacha kucheza aligeukia ualimu, na katika miaka ya 1990 aliifundisha timu ya Taifa ya Venezuela. Alikabidhiwa Amavubi mwaka 2001.

Hakuwa wa kwanza kupita njia hiyo. Kabla yake Blagoje Vidinić, naye mlinda mlango wa Yugoslavia aliyepata medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1960, aliiongoza Morocco katika Kombe la Dunia la 1970, kisha akaifikisha Zaire, jirani wa Rwanda, katika lile la 1974. Si ajabu walinda milango kuwa walimu wazuri. Mlinda mlango husimama nyuma ya wote akiutazama uwanja mzima. Huona pengo kabla adui hajalipenya, na huwapanga wenzake kwa sauti. Kazi yake ni ya mlinzi wa lindo: akisinzia dakika moja, jasho la wenzake wote limepotea bure.

Kazi iliyomkabili Dujković ilikuwa nzito. Rwanda ilipangwa kundi moja na Uganda na Ghana, nchi ambazo majina yao katika kandanda la Afrika yalikuwa makubwa kuliko la Rwanda. Ghana peke yake ilikwisha kulitwaa kombe hilo mara nne. Amavubi walianza kwa kufungwa na Ghana ugenini, lakini hawakuvunjika moyo. Mwezi wa Juni, 2003, walikwenda Kampala na kuifunga Uganda bao 1 kwa 0, mfungaji akiwa Gatete yule yule. Mchezo huo uliharibiwa na vurugu, baada ya mlinda mlango wa Rwanda kutuhumiwa kuweka hirizi langoni. Gatete aliumizwa kichwani, akafungwa bendeji, akarudi uwanjani kuendelea na mapambano. Timu isiyo na nidhamu ingepotea katika ghasia zile. Amavubi walizishinda hasira zao kwanza, ndipo wakawashinda wenyeji.

Katika fainali za Tunisia, mwezi wa Januari na Februari, 2004, Rwanda ilifungwa na wenyeji mabao 2 kwa 1, ikatoka sare ya 1 kwa 1 na Guinea, kisha ikaifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo bao 1 kwa 0. Haikuvuka hatua ya makundi, lakini ilirudi nyumbani na pointi 4 na heshima kamili.

Baada ya hapo Dujković alichukuliwa na Ghana, nchi ile ile aliyoizuia Kigali. Mwaka 2006 aliifikisha katika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Huko Ujerumani Ghana ilizifunga Jamhuri ya Czech na Marekani, ikaja kusimamishwa na Brazil.

Rwanda, kwa upande wake, haijarudi. Katika fainali zote zilizofuata, hadi zile zilizoanza Morocco mwezi wa Desemba, 2025, Amavubi hawakuwamo. Watoto wa Kagugu waliokuwa wakipiga mpira wa matambara mwaka 2003 sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Funzo hapa ni bayana. Mwalimu hodari aweza kuifikisha timu mahali pa juu, lakini hawezi kuibakiza huko peke yake. Anapoondoka, kinachobaki ni kile kilichojengwa chini: viwanja vya mitaani, mafunzo ya vijana, na walimu wazalendo wanaorithi ujuzi wake.

Askari hawahitaji kuelezwa mara mbili jambo hilo. Klabu ya APR ya jeshi la Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na ambayo Gatete aliichezea, imetwaa ubingwa wa nchi mara nyingi kuliko klabu nyingine yoyote; nalo jeshi la polisi lina klabu yake. Kikosi chochote hupata makamanda na kuwaaga. Kikosi imara ni kile ambacho kamanda akihamishwa, lindo halilali.