Fundi Kala Hela Yangu, Nikampeleka Kortini Mwenyewe!

HEBU fikiria: unamlipa fundi shilingi 380,000 akuchongee kabati, anakupiga kalenda miezi minne, halafu simu hapokei. Utafanyaje?

Mimi nilikimbilia polisi. Afande akanisikiliza, akatabasamu: "Dada, hii ni kesi ya madai. Nenda Mahakama ya Mwanzo."

Moyo ukanilipuka. Mahakamani bila wakili? Kumbe woga wa bure! Pale mambo yote ni Kiswahili, na hadi mwaka 2021 mawakili walikuwa hawaruhusiwi kabisa kusimama humo. Siku hizi wanaruhusiwa mbele ya hakimu mkazi, lakini si lazima uwe naye.

Kwa karani nikaeleza: namdai nani, tulikubaliana lini, kiasi gani. Nikalipa ada, nikachukua risiti. Kuanzia hapo mimi ni mdai, fundi ni mdaiwa.

Nikajiona mjanja. Wapi! Samansi ikarudi kama ilivyokwenda. Nilikuwa nimeandikisha "Fundi Mudi, Buguruni". Kina Mudi wa Buguruni utawamaliza? Ikabidi nimwone mjumbe wa mtaa, nikapata majina yake matatu na nyumba anayolala. Safari ya pili mtu wa mahakama akamkabidhi mkononi, akasaini.

Hapo ndipo wengi tunapokwama, msomaji wangu. Kesi haiendi mpaka mdaiwa apate taarifa. Akishaipata akaingia mitini, hakimu anaweza kusikiliza upande wako peke yake. Ila na wewe usipotokea, dai lako linaweza kufutwa, kwa hiyo tarehe uliyopangiwa usiifanyie mzaha.

Siku ikafika. Fundi akakana katakata, eti hanijui! Sikupiga kelele. Nikatoa meseji za muamala na kikaratasi alichoandika kwa mkono wake "nimepokea". Akanywea kama kuku aliyenyeshewa. Mwenyewe akaomba alipe kwa mafungu mawili, hakimu akaandika. La mwisho nimelipata juzi.

Kwa hiyo, mshkaji, kabla hujatoa hela yako, jua majina kamili ya unayempa, jua anapolala, na chukua maandishi hata kama ni rafiki yako wa kufa na kuzikana. Akikasirika kwa kuombwa saini, basi ushajua mapema.

Kabati? Nimenunua kwa fundi mwingine. Huyu kanipa risiti kabla sijaomba!