Mwalimu Bora Abaki Darasani

Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, Serikali ya Tanzania ilianza pia kuwalipa viongozi wa shule zake posho ya madaraka: shilingi 200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, 250,000 kwa mkuu wa sekondari na kwa mratibu elimu kata. Walistahili, kwa sababu wanafunzi waliofurika mwaka ule waliwaongezea mzigo mkubwa. Lakini mwalimu anayepokea watoto zaidi ya mia wa darasa la kwanza na kuhakikisha wanafunga mwaka wakijua kusoma hana posho ya namna hiyo. Yeye husubiri daraja.

Na daraja lina mwendo wake. Katika ngazi za mishahara ya walimu, TGTS, mwalimu wa cheti huanzia B, wa stashahada C, wa shahada D, kisha hupanda kadiri miaka ya kazi inavyosonga na bajeti inavyoruhusu. Uhakiki wa watumishi hewa ulipofanyika 2016, upandishaji ulisimama nchi nzima. Baadaye yakaja madaraja ya mserereko, ya kuwafidia waliocheleweshwa. Katika hesabu zote hizo, umahiri wa kufundisha hauna uzito wa maana. Anayetaka kipato na heshima kwa haraka hutafuta kuwa mwalimu mkuu, mratibu au afisa elimu, yaani hutafuta kuliacha darasa. Tunawachukua walimu wetu hodari na kuwatuza kwa kuwaondoa kwa watoto. Jambo hili linaniuma kila ninapolitazama.

Basi walimu walipwe kwa matokeo? Swali hili lilijaribiwa nchini. Mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza liliendesha mradi wa KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Kundi la kwanza la shule lilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, moja kwa moja. Katika kundi la pili, walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la Kiswahili, Kiingereza au hesabu, na mwalimu mkuu 1,000. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, la nne halikupata kitu.

Uchambuzi wake ulichapishwa 2019. Ruzuku peke yake haikuinua ujifunzaji wa watoto. Motisha peke yake ilileta mabadiliko madogo yasiyo thabiti. Pale vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi, na tofauti ilionekana wazi. Watafiti waligundua pia kwamba ruzuku ilipofika shuleni, wazazi walipunguza walichokuwa wakitumia kwa ajili ya watoto wao. Vitabu bila mwalimu mwenye sababu ya kujituma havitoshi, na mwalimu mwenye ari hafiki mbali asipokuwa na vitabu. Kwa hiyo anayedai nyongeza ya mishahara na anayedai vifaa wasishindanishwe mezani kwenye bajeti.

Hata hivyo, nisingependa malipo ya kila mtoto aliyefaulu yaenezwe nchi nzima. Majaribio ya KiuFunza yalisimamiwa na watu wa nje ya shule. Fedha ikining'inizwa juu ya mitihani yetu ya kawaida, mtoto anayechelewa kuelewa ndiye atakayeachwa kwanza. Ninachopendekeza ni ngazi ya mwalimu bingwa, yenye posho sawa na ya mwalimu mkuu, kwa sharti kwamba aendelee kufundisha. Singapore imetenganisha njia ya ufundishaji na njia ya uongozi tangu 2001, na mwalimu anaweza kupanda hadi juu bila kuwa mkuu wa shule.

Kazi ya bingwa huyo ipo tayari. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, unawataka walimu wakutane shuleni kwao kujifunza pamoja. Mikutano hiyo inahitaji mtu anayeweza kukaa nyuma ya darasa la mwenzake, kisha akamweleza kwa heshima kwa nini somo la kugawanya halikueleweka. Kwa cheo, mtu huyo angekuwa mwalimu mkuu. Lakini mwalimu mkuu yuko wapi? Mwishoni mwa 2021, yalipojengwa madarasa 15,000 kwa fedha za kukabiliana na UVIKO-19, viongozi wengi wa shule walishinda wakihesabu saruji na nondo. Shule nyingi za msingi hazina mhasibu wala karani, hivyo risiti, stakabadhi na taarifa za halmashauri humwangukia yeye. ADEM, wakala wa maendeleo ya uongozi wa elimu pale Bagamoyo, inaweza kumfundisha uongozi, ila haiwezi kumrudishia saa zake. Kila kata ipewe mtunza hesabu wa kuzihudumia shule zake, ili mwalimu mkuu apate nafasi ya kupita madarasani.

Mabingwa waanze na darasa la kwanza na la pili, kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK), hata ikiwa bajeti inatosha mmoja tu kwa kila shule. Wateuliwe baada ya wadhibiti ubora kuwatazama wakifundisha zaidi ya mara moja bila kuwaarifu, na walimu wenzao waulizwe maoni. Uteuzi uwe wa miaka mitatu, kisha wapimwe upya, na posho ikome siku bingwa anapohamia ofisini.