Bila kadi wala akaunti ya benki: Jinsi pesa zinavyotumwa na kutolewa kwa simu

KWA miaka mingi, Mkenya aliyefanya kazi mjini na kutaka kuwapelekea jamaa zake mashambani pesa za matumizi alikuwa na njia chache tu. Angeweza kuzituma kupitia Posta, kumkabidhi dereva au utingo wa basi bahasha iliyofungwa vyema, ama kusubiri hadi apate ruhusa ya kwenda nyumbani mwenyewe.

Kila njia ilikuwa na kasoro zake. Posta haikuwa karibu na kila kijiji. Bahasha ingeweza kupotea mikononi mwa utingo, na basi lenyewe lingeweza kuvamiwa na majambazi njiani. Naye aliyesubiri likizo huenda alifika na kukuta mgonjwa amezidiwa, au mtoto amefukuzwa shule kwa kukosa karo.

Benki hazikuwa jibu kwa wengi. Utafiti wa kitaifa wa FinAccess wa mwaka wa 2006 ulionyesha kuwa ni asilimia 26.7 tu ya watu wazima nchini waliokuwa wakihudumiwa na taasisi rasmi za kifedha. Waliosalia hawangeweza kuwa na kadi ya ATM, kwa sababu hawakuwa na akaunti ya kuiombea.

Hali hiyo ilibadilika mnamo Machi 6, 2007, kampuni ya Safaricom ilipozindua huduma ya M-Pesa. Kufikia mwaka wa 2021, kiwango hicho cha asilimia 26.7 kilikuwa kimepanda hadi asilimia 83.7, na simu ya mkononi ndiyo iliyochangia pakubwa.

Hata hivyo, wengi wanaotumia huduma hii kila siku hawajui pesa zao huwa wapi wakati ziko 'ndani ya simu', wala kinachofanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na kadi. Kutojua huko ndiko kunakowapa walaghai mwanya.

Chanzo chake

Huduma hii haikukusudiwa kuwa njia ya kutumiana pesa. Jaribio la kwanza lilianza mwaka wa 2005 kwa ushirikiano wa Safaricom, kampuni ya Vodafone ya Uingereza na shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya, huku sehemu ya gharama ikilipwa na serikali ya Uingereza. Nia ilikuwa kuwawezesha wateja wa Faulu kupokea na kulipa mikopo yao kwa simu.

Waliokuwa wakisimamia jaribio hilo, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waligundua jambo ambalo hawakulitarajia. Wateja walianza kutumiana pesa wao kwa wao, mbali na kulipa mikopo. Ndiposa huduma ilipozinduliwa rasmi, ilinadiwa kwa wito mmoja mwepesi: tuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka huo kwisha, wateja walikuwa wamepita milioni moja.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilidhihirisha umuhimu wake. Barabara zilifungwa na benki nyingi hazikufunguliwa, lakini waliokwama katika maeneo yenye vita waliweza kutumiwa pesa na muda wa maongezi na jamaa zao walioko mbali.

Pesa haziko ndani ya simu

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba simu haina pesa. Kinachoonekana kwenye kioo ni hesabu tu, na hesabu yenyewe huwekwa katika mitambo ya kampuni. Hadi mwaka wa 2015, mitambo ya M-Pesa ilikuwa nchini Ujerumani. Mtu aliyeko Kisumu alipomtumia nduguye aliyeko Kakamega Sh500, agizo lake lilikwenda Ulaya na kurudi katika muda wa sekunde chache.

Pesa taslimu zinazolingana na hesabu hizo huwekwa benki katika akaunti ya amana, kwa niaba ya wateja wote. Kampuni ya simu hairuhusiwi kuzikopesha wala kuzitumia kwa shughuli zake. Ndiyo maana simu ikiibwa au ikitumbukia mtoni, pesa hazipotei nayo. Mwenyewe akipata laini nyingine yenye nambari ileile, atazikuta jinsi alivyoziacha.

Suala hili lilizua mjadala mkali mwishoni mwa mwaka wa 2008, wakati aliyekuwa kaimu Waziri wa Fedha, marehemu John Michuki, alipotaka huduma hiyo ichunguzwe. Uchunguzi ulifanywa, na mapema mwaka wa 2009 serikali ikawahakikishia wananchi kwamba mfumo huo ulikuwa salama. Baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya mwaka wa 2011, iliyoipa Benki Kuu ya Kenya (CBK) mamlaka ya kusimamia huduma za aina hii.

Wakala hufanya nini?

Ikiwa pesa taslimu ziko benki, je, noti anazopewa mteja dukani hutoka wapi?

Jibu ni kwamba hutoka mfukoni mwa wakala mwenyewe. Wakala ni mfanyabiashara aliyewekeza mtaji wake, sehemu moja ikiwa noti na sehemu nyingine ikiwa pesa za simu, ambazo wenyewe huziita floti.

Tuchukue mfano. Wakala anafungua duka asubuhi akiwa na Sh40,000 taslimu na floti ya Sh60,000. Mteja wa kwanza anaweka Sh5,000. Wakala anapokea noti hizo na kumhamishia mteja kiasi hicho kwa simu. Sasa ana Sh45,000 taslimu na floti ya Sh55,000. Mteja wa pili anatoa Sh15,000. Wakala anampa noti, naye mteja anamhamishia pesa za simu. Wakala anabaki na Sh30,000 taslimu na floti ya Sh70,000.

Ukijumlisha, mtaji wake ungali Sh100,000. Faida yake ni kamisheni anayolipwa na kampuni kwa kila shughuli.

Hapa ndipo msomaji atakapoelewa ni kwa nini wakati mwingine huambiwa 'hakuna floti' na wakati mwingine 'hakuna keshi'. Mijini watu wengi huweka, kwa hivyo floti ndiyo inayokwisha. Vijijini watu wengi hutoa, kwa hivyo noti ndizo zinazokwisha. Wakala wa kijijini hulazimika kufunga safari hadi mjini kutafuta pesa taslimu, na siku asipokwenda, mzee aliyetumiwa pesa za dawa hurudi nyumbani mikono mitupu ingawa arafa inasema pesa zimefika.

Kinachochukua nafasi ya kadi

Kadi ya benki hufanya kazi mbili. Humtambulisha mwenye akaunti, kisha ikiambatanishwa na nambari ya siri, huthibitisha kwamba ndiye anayeitoa pesa. Katika huduma ya simu, kazi hizo hazikuondolewa. Ziligawiwa vitu vitatu.

Cha kwanza ni laini ya simu, ambayo imesajiliwa kwa jina la mwenyewe. Cha pili ni nambari ya siri, ambayo mwenyewe peke yake ndiye anayestahili kuijua. Cha tatu ni kitambulisho cha kitaifa au pasipoti, ambacho wakala anatakiwa kukikagua kabla ya kutoa noti.

Anayetaka kutoa pesa kwa wakala hufungua menyu ya huduma katika simu yake, akachagua kutoa pesa, akaandika nambari ya wakala, kiasi anachotaka na hatimaye nambari yake ya siri. Arafa mbili hutumwa kwa mpigo, moja kwa mteja na nyingine kwa wakala. Wakala akishaiona yake, hukagua kitambulisho na kuhesabu pesa.

Mteja hulipia kutoa pesa, na mtumaji hulipia kutuma, lakini kuweka pesa hakutozwi ada. Juu ya ada hizo kuna ushuru wa serikali, ambao kiwango chake kilipandishwa hadi asilimia 15 mwaka wa 2023.

Hata ATM bila kadi

Mwaka wa 2008, Safaricom ilishirikiana na kampuni ya PesaPoint kuwawezesha wateja wa M-Pesa kutoa pesa kwenye mitambo ya ATM bila kadi yoyote. Baadaye benki mbalimbali ziliiga mtindo huo, na zipo zinazomruhusu mteja kumtumia mtu asiye na akaunti pesa za kutolewa kwenye ATM.

Utaratibu ni rahisi. Mteja huchagua katika simu kutoa pesa kwa ATM, akaandika nambari ya mtambo husika na nambari yake ya siri. Hapo hutumiwa arafa yenye tarakimu maalumu. Akifika kwenye ATM, huchagua huduma ya bila kadi, akabonyeza tarakimu hizo pamoja na maelezo mengine anayoulizwa, na noti zikatoka.

Tarakimu hizo hutumika mara moja tu, na muda wake huisha upesi. Kwa hivyo, ni vyema mtu aziombe akiwa tayari amefika kwenye mtambo, wala si akiwa kwenye matatu.

Manufaa ya njia hii ni kwamba ATM hufanya kazi usiku wakati mawakala wamefunga. Lakini tahadhari ni ileile: anayezijua tarakimu hizo ni sawa na aliyeishika kadi yako.

Mianya ya walaghai

Ukichunguza mbinu za matapeli, utaona kwamba kila mmoja hulenga mojawapo ya vile vitu vitatu, au hulenga arafa inayothibitisha kwamba pesa zimeingia.

Wapo wanaotuma arafa bandia inayofanana na ya kampuni, ikidai kwamba umepokea pesa. Punde si punde, mtu anapiga simu akilia kwamba amekosea nambari na kukusihi umrudishie. Dawa yake ni kutoamini arafa, bali kuangalia salio lako. Ikiwa salio halikuongezeka, hukutumiwa chochote. Na ikiwa limeongezeka kweli, usirudishe mwenyewe, bali mwambie mtumaji aiombe kampuni iibatilishe shughuli hiyo.

Wengine hujifanya wahudumu wa kampuni na kuuliza nambari ya siri. Hakuna mhudumu halali anayehitaji kuijua nambari hiyo.

Hatari kubwa zaidi ni ya kubadilishiwa laini. Tapeli aliyekwisha kupata jina lako kamili na nambari ya kitambulisho hujifanya wewe na kuomba laini mpya yenye nambari yako. Simu yako ikipoteza mtandao ghafla huku za walio karibu nawe zikiwa nao, usisubiri kesho. Tumia simu ya mwenzako kuijulisha kampuni mara moja, na uiarifu benki yako pia ikiwa akaunti imeunganishwa na laini hiyo.

Ukikosea nambari

Makosa ya kawaida zaidi hayatokani na wezi, bali na kidole. Tarakimu moja ikikosewa, karo ya mtoto humwendea mtu usiyemjua.

Tangu mwaka wa 2015, Safaricom imekuwa ikimwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa sekunde chache za kusitisha. Wengi hubonyeza bila kusoma. Sekunde hizo ndizo kinga ya mwisho, kwa hivyo jina lisomwe hadi mwisho.

Aliyekosea tayari anaweza kuisambaza arafa nzima ya shughuli hiyo kwa nambari 456, na kampuni itajaribu kuzirejesha. La muhimu ni haraka. Pesa ambazo mpokeaji bado hajazitumia huweza kuzuiliwa, lakini zilizokwisha kugeuzwa noti ni vigumu kuzifuata.

Viwango navyo vimeongezeka, na hasara huongezeka navyo. Hapo mwanzo mtu hangeweza kutuma zaidi ya Sh35,000 kwa mara moja. Mnamo Machi 2020, wakati wa janga la corona, kiwango hicho kilipandishwa kutoka Sh70,000 hadi Sh150,000, na mwaka wa 2023 kikafika Sh250,000. Kosa la kidole kimoja leo linaweza kugharimu mara saba ya lile la mwaka wa 2007.

Licha ya hayo yote, faida zake haziwezi kupuuzwa. Watafiti Tavneet Suri na William Jack, katika ripoti iliyochapishwa katika jarida la Science mwaka wa 2016, walikadiria kwamba M-Pesa ilikuwa imeziondoa familia 194,000 za Kenya katika lindi la umaskini. Awali walikuwa wamebainisha kwamba familia zinazoitumia hazikulazimika kupunguza matumizi yao zilipokumbwa na ugonjwa au mavuno mabaya, kwa kuwa jamaa na marafiki wa mbali waliweza kuwatumia msaada papo hapo.

Kwa hivyo, anayetegemea huduma hii na asipoteze jasho lake azingatie haya: asimpe mtu yeyote nambari ya siri, hata mtoto anayemsaidia kusoma arafa, asiondoke kwa wakala kabla ya kuipokea arafa yake na kuhesabu noti, aangalie salio kabla ya kuamini kwamba amelipwa, na asiache laini yake isajiliwe kwa jina la mtu mwingine, kwani siku ya kuitetea, mwenye jina ndiye atakayesikilizwa.