Agizo la Hisa Likikwama, Usikimbilie Kutuma la Pili

Bila shaka yamekwisha kukufika haya: umetuma karo ya mtoto kwa simu, ujumbe wa kuthibitisha haurudi, na mhasibu wa shule asema hajaona kitu. Kidole chakuwasha utume tena. Ukituma, na jioni jumbe mbili zikaingia kwa pamoja, fedha za mwezi mzima zimekwenda mara mbili, na kuzirudisha ni kazi nyingine. Msukosuko wa namna hiyo hiyo huwapata wanaonunua na kuuza hisa kwa njia ya intaneti, na yamkini unaye ndugu aliyeko Marekani ambaye akiba yake imo humo.

Kisa kinachofundisha zaidi kilitokea New York, Ijumaa tarehe 18 Mei, 2012. Siku hiyo hisa za kampuni ya Facebook ziliingia kwa mara ya kwanza katika soko la Nasdaq, zikiwa zimepangiwa bei ya dola 38 kila moja. Biashara ilikusudiwa kuanza mara baada ya saa 5 asubuhi, lakini ilichelewa hadi yapata saa 5 na nusu, kwa kuwa kila kompyuta za soko zilipokokotoa bei ya kufungulia, maagizo mengine yalikuwa yakifutwa na hesabu ikavurugika. Maagizo zaidi ya 30,000 yalikwama ndani ya mitambo kwa muda uliozidi saa mbili. Hisa ilianza kwa dola 42 na senti 5, na jioni ikafunga kwa dola 38 na senti 23. Wengi walioagiza asubuhi hawakujua kama wanazo hisa au hawana, na uthibitisho ulikuja kutolewa karibu saa 8 mchana. Asiyejua alichonacho hawezi kuuza, wala hana raha ya kungoja.

Usidhani walioteleza siku ile ni wanagenzi tu. UBS, benki kubwa ya Uswisi, ilipokosa jibu mitambo yake iliendelea kutuma maagizo yale yale tena na tena. Jibu lilipofika, benki ilijikuta imebeba hisa nyingi kuliko zilizotakiwa, ilhali bei yaporomoka. Hasara yake ilikuwa faranga za Uswisi milioni 349. Mwaka 2013 tume ya serikali inayosimamia masoko ya hisa iliitoza Nasdaq faini ya dola milioni 10, na soko likakubali kulipa fidia ya hadi dola milioni 62. Hata hivyo fidia hiyo iliwekewa madalali wanachama wa soko; mnunuzi wa hisa kumi hakuwa na dirisha lake la kwenda kubisha hodi.

Basi agizo lako likikaa kimya, fungua kwanza orodha ya maagizo uone hali yake. “Limepokewa” si “limetimizwa”, na huenda likatimizwa nusu: umeomba hisa 100, ukapata 40. Wengi hukosea zaidi katika kufuta. Ombi la kufuta nalo ni agizo, nalo husafiri njia ile ile yenye msongamano. Kabla halijafika, agizo la kwanza laweza kutimizwa. Usitume jipya mpaka uone la zamani limeandikwa kuwa limefutwa.

Kadhalika, taja bei. Anayeagiza kwa bei yoyote ya soko amemkabidhi mwuzaji pochi. Tarehe 6 Mei, 2010, bei za Marekani zilipoanguka ghafula kwa dakika chache, hisa za Accenture zilizokuwa karibu dola 40 ziliuzwa kwa kitambo kwa senti moja. Masoko yalibatilisha mauzo yaliyopotoka kwa zaidi ya asilimia 60. Aliyeuza kwa hasara ya asilimia 50 aliachwa nayo. Agizo lenye kikomo cha bei laweza kukosa kutimizwa, ni kweli, lakini halitakuuza kwa senti moja.

Likikwama kabisa, mpigie simu dalali, na namba yake uwe umeiandika kando, kwa maana programu ikizima huzima pamoja na namba iliyomo. Andika namba ya agizo, saa na dakika, bei iliyoonekana, na jina la aliyekujibu. Piga na picha ya kioo cha simu. Malalamiko yapelekwe kwa maandishi kwa dalali mwenyewe kwanza. Asipojibu, Marekani kipo chombo kiitwacho FINRA kinachosimamia madalali, nacho hupokea malalamiko na kuendesha usuluhishi. Huko wataulizia saa na dakika. Daftari la mtoto la kurasa 48 latosha kuziandikia, mradi mke au mume aliyeko nyumbani ajue limewekwa wapi.